Gari la Marehemu Kaka na Mnunuzi wa Vyuma Chakavu

(Mazungumzo ya juma hili redioni, kama yalivyosomwa)



Juma hili naomba tuzungumze juu ya magari makuukuu. Sina maana ya yale yanayong'arishwa na kupelekwa kwenye maonyesho, mwenye gari akasimama pembeni apigwe picha. Nina maana ya magari yetu haya yaliyolala nyuma ya nyumba, yamepandishwa juu ya matofali tangu mwenyewe alipoishiwa fedha za spea, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva na watoto wanacheza shule ndani yake. Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ukazipita Kimara, Mbezi na Kibamba, ukafika kwetu Maili Moja na kuiacha lami ukafuata mitaa ya ndani, hutembei sana kabla hujaliona moja. Kuna Peugeot 404 isiyo na milango. Kuna Volkswagen ile ya umbo la kobe. Na zipo Land Rover, maana serikali na mashirika yetu ya umma yalizinunua kwa wingi, na baadaye yakaziuza kwa mnada.

Kila asubuhi hupita mtu mwenye mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Anatangaza kwa kipaza sauti kwamba ananunua vyuma chakavu, betri mbovu na masufuria yaliyotoboka. Simlaumu mtu huyu. Anatafuta riziki yake, na vyuma anavyokusanya vinakwenda kuyeyushwa vikawa nondo za nyumba zetu. Ninachosema ni kwamba anapofika mbele ya gari, yeye anaona kilo tu. Mwenye gari naye, kwa kuwa ana shida siku hiyo, huanza kuona kilo vile vile.

Nina mfano wa karibu sana. Marehemu kaka yangu alinunua Land Rover katika mnada mwaka 1995, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa na mali zao kuuzwa. Ni Land Rover mia na tisa, yaani ile ndefu, toleo la tatu, ya mwaka 1978. Bado ilikuwa na kibao cha SU, ambacho vijana wa leo hawakijui. SU ilikuwa Shirika la Umma, kama vile ST ilivyo Serikali ya Tanzania. Kaka aliiendesha mpaka mwaka 2011, akaegesha chini ya mkorosho akisema ataitazama mwezi ujao. Mwezi ujao huo haukufika. Ameaga dunia, na gari likabaki pale pale.

Mwaka jana binti yake alipata nafasi ya chuo. Shemeji akawa anahesabu fedha usiku na mchana. Mtu wa mizani akapita, akalizunguka lile gari mara mbili, akataja shilingi milioni moja na laki mbili kwa gari zima, taslimu, leo leo. Shemeji akaniita. Sikumwambia akatae, maana ada ni ada. Nilimwomba jambo moja tu: amuulize yule bwana anapima nini.

Ndugu wasikilizaji, bodi ya Land Rover za zamani si ya chuma. Ni ya alumini. Gari hilo lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo, lakini alumini ya kuundia ndege ilikuwa tele. Kiwanda cha Rover kikaona hiyo ndiyo njia, na mtindo ukabaki hivyo kwa miongo mingi. Mafaga yote, milango, boneti na bodi ya nyuma ni alumini, na kilo ya alumini hainunuliwi kwa bei ya kilo ya chuma hata siku moja. Mnunuzi analijua hilo vizuri kuliko mwenye gari. Anapokuambia "gari zima" ana maana usitenganishe.

Jambo la pili niliyemkumbusha shemeji ni la kisheria. Kadi ya gari ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Gari la marehemu ni mali ya mirathi, lina warithi, na kabla hajateuliwa msimamizi na mahakama ya mwanzo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuliuza, awe mjane, awe mtoto wa kwanza, awe mimi ndugu yake. Nimeona familia zikivunjika kwa pikipiki moja iliyouzwa msibani. Kwa hiyo shemeji alikwenda mahakamani, akateuliwa bila mabishano, na kwa kuwa shauri lilichukua wiki kadhaa, yule bwana wa mizani alichoka kusubiri. Ada ya binti tulichangishana ndugu. Ndipo mpwa wangu, mtoto wa pili wa kaka, aliyesoma umekanika katika chuo cha ufundi stadi, akaniambia, "Baba mdogo, hili gari tulifufue hapa hapa nyumbani. Mama ana mihogo yake upande wa Kisarawe, kila wiki anakodi gari la mtu. Kwa nini akodi?"

Basi uwanja ukawa gereji. Tulifunga mnyororo wa kunyanyulia mashine, siyo kwenye mkorosho, kwa maana tawi la mkorosho huvunjika bila kuaga, bali kwenye boriti tatu za chuma tulizozisimamisha kama mafiga. Tukatandika turubai chini ili hata nati ndogo isipotelee mchangani. Kila kilichofunguliwa kikawekwa kwenye kopo lake na kikaratasi. Nawaambia vijana wanaojifunza kazi hii: kopo na kikaratasi ni spana ya kwanza. Magari mengi yaliyofia uani hayakuuawa na kutu. Yalifunguliwa na fundi mmoja, akaondoka na kumbukumbu yake kichwani, na aliyekuja baada yake akakuta ndoo mbili za nati asizojua zinakwenda wapi.

Chesisi ndiyo iliyotupa kazi. Watu huona bodi ya Land Rover imenyooka, haina kutu, wakadhani gari ni zima. Alumini haioti kutu nyekundu, ni kweli, lakini chesisi chini yake ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia humo, yakakaa, na chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiipaka rangi nyeusi kwa nje inapendeza kweli kweli. Dawa yake ni nyundo ndogo. Unagonga kidogo kidogo kuanzia mbele hadi nyuma na kusikiliza. Penye uzima panalia kama kengele. Penye ubovu panajibu kama debe lenye mchanga. Tena pale alumini inapogusana na chuma moja kwa moja, penye unyevu wa chumvi kama huu wetu wa Pwani, alumini hugeuka unga mweupe. Ndiyo maana fundi mwelewa huweka kipande cha mpira au rangi nzito katikati ya viwili hivyo.

Sisi tulikuta mikono minne inayoshika bodi imeoza, na boriti ya nyuma kabisa imebaki jina. Fundi wa kuchomelea wa kwanza tuliyemwita alikuja na bati jembamba la kuezekea. Alitaka kuziba matundu, apitishe pati, apake rangi, jioni awe amelipwa. Mpwa wangu alimrudisha kwa heshima. Wa pili alikata sehemu yote mbovu mpaka alipofikia chuma kinachong'aa, akapima bamba la unene ule ule wa asili, akachomelea pande zote. Siku sita. Alikuwa ghali mara tatu, na shemeji alinuna. Lakini chesisi ndiyo inayoshika usukani, breki na watu. Hapo sikuwa tayari kupatana bei.

Injini haikutusumbua kiasi hicho. Ni ya petroli, lita mbili na robo, silinda nne, nguvu za farasi kama sabini. Ilikuwa imekwama, tukaimwagia mafuta mepesi kwenye matundu ya plagi, tukaiacha siku tano, na siku ya sita ikazunguka kwa mkono. Hakuna kompyuta ndani yake. Kuna kabureta, kuna plagi, kuna platini ambazo mwanya wake unaupima kwa kipande chembamba cha bati, na ukijua kwamba silinda zinawaka kwa mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili, umeijua nusu ya siri yake. Tulipofungua hedi tulikuta valvu za moshi zimezama kidogo. Hapa pana historia. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake, na ile risasi, pamoja na kuwa ni sumu hasa kwa akili za watoto, ilikuwa inalinda makalio ya valvu. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na dunia nzima ikamaliza mwaka 2021 pale Algeria ilipoiacha. Ni jambo jema na sitamani irudi. Ila mwenye injini ya kale ajue kwamba makalio ya valvu yanataka kubadilishwa kwa chuma kigumu. Tulipeleka hedi Dar es Salaam, Gerezani, kwa fundi wa kukereza vyuma, na ikarudi imekaa sawa.

Sasa hapa ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na ndio hasa ulionifanya nichague mazungumzo haya.

Mpwa wangu alikuja jioni moja, akaniamkia, akakaa, akasema hivi: petroli ni ghali, injini hii inakunywa, spea zake za kuagiza. Kwa nini tusiiondoe tukaweka injini ya dizeli ya Toyota, ile inayoitwa 3L, iliyokuwa kwenye Hiace nyingi za daladala? Zipo Dar es Salaam zimetoka Japani zimetumika. Ni lita mbili na pointi nane, ina farasi kama tisini, na fundi wa mtaa wowote anaijua. Unatengeneza bamba la kuiunganisha na gia boksi ya Land Rover, unahamisha vishikizo, unatafuta rejeta kubwa zaidi, kazi imekwisha. Mwenzake mmoja amefanya hivyo, na Land Rover yake inakimbia mia na kitu kwenye lami.

Wako watu ambao wangemjibu kwamba gari la kale lisiguswe, libaki kama lilivyotoka kiwandani. Mimi simo katika kundi hilo. Kubadili magari ni desturi ya nchi hii. Mpango wa karanga wa Waingereza ulipoanza mwaka 1947 kule Kongwa, vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki, yakaitwa Shervick. Kifaru kikawa trekta! Mpango wenyewe ulishindwa vibaya, hilo ni jambo jingine. Kabla serikali haijaruhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam mwaka 1983, watu walipanda "chai maharage", magari ya mizigo yaliyopigiliwa mabenchi abiria wakatazamana kama wako hotelini. Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka, kila gari lililotembea nchini lilikuwa na kiungo cha gari jingine ndani yake. Wenzetu wa Cuba, walipowekewa vikwazo na Marekani, wamezitembeza Chevrolet za miaka ya hamsini kwa injini za Kirusi na za dizeli mpaka wajukuu wa wenyewe wamezirithi.

Hata michezo yetu inatufundisha. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, ndugu ya ile inayolala bila milango mtaani kwetu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo ambayo tayari ilikuwa imetumika na wenyewe kiwandani. Aliifungua, akaijenga upya kwa mkono wake na wa nduguze, akawapita waliokuja na magari mapya.

Na sisi wa Kibaha tuna sababu ya pekee ya kutoogopa jambo hili. Ni hapa hapa Kibaha Jeshi letu lilipoweka Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari, kilichounda lori lenye jina hilo kwa mikono ya Watanzania. Ni hapa hapa kilipokuwa kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania, na hata leo kondakta akiita "Tamco!" abiria wanashuka, ingawa wengi wao hawajui kwamba wanashuka kwenye jina la kiwanda. Kwa mtu wa hapa kusema injini haibadilishiki ni kusahau alipozaliwa.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu kwamba kwa injini simpingi. Nilimuuliza swali moja. "Hiyo ya mwenzako inayokimbia mia na kitu, inasimama vipi?"

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Inasimama, baba mdogo. Ina breki."

"Za nani?"

"Za kwake mwenyewe. Za Land Rover."

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo watu wanapokufa. Land Rover kama ya kaka ina breki za ngoma magurudumu yote manne, na yetu haina sevo ya kusaidia mguu. Zilitengenezwa kwa gari zito la shambani linalokwenda taratibu kwa nguvu za farasi sabini. Kwa kazi hiyo zinatosha kabisa. Lakini hesabu ya kusimama haifuati mwendo kwa kunyooka. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 90, umeongeza nusu tu machoni mwako, lakini mzigo ambao breki zinatakiwa kuumeza umezidi mara mbili na robo. Ukitoka 60 ukafika 120 umekuwa mara nne. Mzigo huo wote hugeuka joto ndani ya ngoma. Ngoma ikipata joto hutanuka, ikajitenga na shu zake, na dereva anahisi pedeli inashuka huku gari haisikii. Tena ngoma, tofauti na sahani, haina pa kupumulia.

Hakuniamini moja kwa moja, na sikutaka aniamini kwa sababu tu mimi ni baba yake mdogo. Tulikuwa tumekwisha weka shu mpya, masta silinda mpya na mabomba mapya, na injini yake ya zamani ilikuwa inanguruma. Alfajiri ya Jumapili moja, kabla watu hawajaamka, tulikwenda kwenye kipande cha lami cha ndani, tukachora mstari wa chokaa. Yeye akaendesha, mimi nikasimama kando. Akifika kwenye mstari akanyage kwa nguvu zote. Kwa mwendo wa 40, tokea mstari hadi gari liliposimama, nilihesabu hatua ishirini. Kwa mwendo wa 60, nilihesabu hatua arobaini na moja. Tena mara hii ya pili gari lilivuta kushoto, ikabidi aushike usukani kwa mikono miwili. Alishuka, akaja akazihesabu hatua mwenyewe kwa miguu yake, akarudi bila kusema neno. Nikamwambia sasa ajaze nyuma magunia sita ya mihogo, aweke mama yake mbele, aongeze mwendo hadi 90, na badala ya chokaa aweke mtoto wa shule anayevuka.

Barabara yetu nayo imebadilika. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa, na pana njia nane. Zamani msongamano wenyewe ulikuwa breki. Gari bovu lilitambaa pamoja na mengine, likagonga kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Sasa lami iko wazi mbele yako, na kijana aliyefunga injini ya Hiace juzi anataka kujua inakwenda ngapi. Ataijua. Nyuma yake lipo lori la tani thelathini linalotelemka kutoka Kibamba, na dereva wake anadhani Land Rover ile iliyo mbele inakwenda kama Land Rover.

Yapo na mengine ambayo wabadilishaji hawayasemi. Ekseli za nyuma za Land Rover hizi zina sifa ya kukatika hata kwa nguvu zake zenyewe, na ukiziongezea msukumo wa dizeli usishangae zikikuacha njiani. Vile vile kadi ya gari imeandikwa namba ya injini. Ukibadili injini ni lazima ukatoe taarifa Mamlaka ya Mapato kadi irekebishwe, na uwe na hati halali ya kununulia hiyo injini. Vinginevyo siku ya ajali askari atalinganisha namba, kampuni ya bima itauliza maswali, na wewe utakuwa unajieleza huku umelazwa. Nasikia watu wakisema hizo ni taratibu za kusumbua wananchi. Injini za wizi nazo zina wanunuzi, ndugu zangu. Ile namba ndiyo inayomlinda mwenye gari lililoibwa, ambaye kesho anaweza kuwa wewe.

Mpwa wangu alikaa wiki mbili bila kuligusa suala hilo. Halafu akaja na jibu ambalo lilinifurahisha kuliko injini yenyewe. Alikuwa amekwenda gereji moja mjini, akaitazama ile 3L kwa makini, akaona kwamba altaneta yake ina pampu ya kuvuta hewa imefungwa nyuma. Injini ya petroli huivuta hewa hiyo yenyewe kwenye njia yake ya kuingizia. Dizeli haivuti hivyo, ndiyo sababu Wajapani wakaweka pampu. Na hewa hiyo ndiyo inayoendesha sevo. "Kwa hiyo, baba mdogo," akasema, "tukiileta injini, inakuja na nguvu ya breki ndani yake. Tutafunga sevo na masta silinda ya njia mbili, na mbele tuweke sahani badala ya ngoma. Bomba moja likipasuka, jingine linabaki."

Nikamwambia huo sasa ni ufundi. Ila mpangilio uwe wake: sahani za mbele kwanza, sevo na masta silinda pamoja na injini, na injini isiwashwe kwenda barabarani kabla breki hazijapimwa na mtu mwingine asiye yeye. Fundi hapimi kazi yake mwenyewe. Akakubali, ingawa kwa uso wa kijana aliyetaka kuanza na kelele akaambiwa aanze na ukimya.

Tulilipeleka suala lote kwa mwenye mali, yaani shemeji. Tuliandika gharama kwenye daftari la shule, upande mmoja injini ya dizeli na kila kinachoambatana nayo, upande wa pili kulitumia gari kama lilivyo, kwa petroli yake na mwendo wake wa ng'ombe. Alisoma polepole. Aliuliza gari kama lilivyo linaweza kubeba magunia mangapi. Mpwa akamjibu. Aliuliza linafika shambani kwa muda gani. Akajibiwa. Kisha akasema, "Mihogo haina haraka. Mimi nataka gari linalosimama nikisema lisimame. Hayo mengine mtayafanya kwa fedha ya mihogo, siyo kwa fedha yangu."

Kwa hiyo hivi sasa ninavyozungumza nanyi, Land Rover ya marehemu inakwenda shambani mara mbili kwa wiki na injini yake ya mwaka 1978. Haizidi hamsini. Imekwisha kaguliwa, ina bima, na kadi imehamishiwa kwa msimamizi wa mirathi. Rangi bado, milango miwili ni ya kijani na mmoja wa kijivu. Kwenye banda kuna seti ya sahani za mbele tuliyoinunua mwezi uliopita, imefungwa kwa gazeti na kupakwa grisi. Daftari lipo kwa shemeji, na kila akiuza anaandika. Fedha ya sevo imebaki kidogo. Ya injini bado sana.

Yule bwana wa mizani alipita tena wiki iliyopita. Mpwa wangu akamwita, akamwuzia ile mikono minne ya chesisi iliyooza na boriti ya nyuma. Ilikuwa kilo ishirini na tatu. Safari hii walipima wote wawili.